Mia na Ishirini kwa Themanini

Mke wangu Sutilah alikufa akiwa na karatasi nzuri kuliko zote kijijini. Kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo. Miezi kumi na tisa mfululizo, kwenye sehemu ya presha, imeandikwa mia na kumi kwa sabini, kwa kalamu ile ile ya buluu na mwandiko ule ule ulioinama kama mtu mwenye haraka ya kurudi kwake. Mwezi wa ishirini haukuandikwa kitu kwa sababu alikuwa ameshazikwa. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Mimi niliishia darasa la nne. Barua ndefu zinanishinda, lakini namba hazinishindi. Mtu anayefuga bata mia mbili na kuyatia mayai yao chumvi, siku kumi na nne ndani ya vumbi la matofali, si kumi na mbili wala kumi na sita, huyo anajua namba. Na ninajua kuwa namba ya kitu kilicho hai haikai mahali pamoja mwaka na nusu. Hata bata hatagi sawasawa kila mwezi, sembuse damu ya mwanamke anayelala wa mwisho nyumbani na kuamka wa kwanza.

Mwaka mzima alilalamika kuwa kisogo kinamvuta. Alikuwa akishika shingo kwa nyuma, kwa vidole vinne, huku mkono wa pili unaendelea kukanda chumvi na vumbi la matofali. Kwetu ukisema kichwa kinazunguka, kila mtu anageuka daktari. Kama ni mwanamke ambaye bado ana nguvu, jibu ni moja: damu imepungua. Mpe maini ya mbuzi. Mpe mishikaki ya mbuzi, damu ipande. Muuguzi wetu wa kijiji, Bu Triningsih, yaani Mama Triningsih, naye akasema hivyo hivyo, akampa vidonge vya kuongeza damu bila kumfunga mashine mkononi, maana foleni ilikuwa ndefu na mkuu wa kijiji alikuwa anasubiri kupiga picha na akina mama. Basi nikamlisha mbuzi. Na jioni nikamlaza kifudifudi nikamkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka mistari myekundu ikatokea, ili upepo umtoke. Huo ndio utaratibu wetu, kila ugonjwa usio na jina ni upepo ulioingia mwilini. Mikono yangu hii ndiyo iliyomkwangua, sikatai. Lakini mimi sikulipwa mshahara kujua tofauti ya damu iliyopungua na damu iliyopanda. Wapo waliolipwa.

Alianguka asubuhi moja juu ya mayai aliyokuwa anayaosha. Mpaka tunampatia gari, upande mmoja wa uso ulikuwa umeshatelemka. Bu Triningsih akasema ni upepo uliokaa kifuani. Pak Harsoyo, yaani Bwana Harsoyo, mkuu wa kijiji, akasimama makaburini na kofia yake nyeusi akasema Mungu amempenda kuliko sisi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sutilah alisikia la mkuu. Kila mwezi aliitwa, akaenda, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

Miaka mitano imepita. Aliniachia mtoto mmoja, Wuryani, ambaye sasa ana miaka ishirini na mitatu. Anafanya kazi mjini kwenye kiwanda cha kope za bandia. Anafunga unywele mmoja mmoja kwenye uzi kuanzia asubuhi mpaka jioni, kope zikabandikwe macho ya wanawake wa nchi ambazo hatutazifikia. Akirudi anakuwa amekunja uso kwa kuumwa kichwa. Nilikuwa naamini ni kope. Kisha jioni moja, akichambua mchicha, nikamwona anashika kisogo kwa vidole vinne.

Niliacha nilichokuwa nafanya. "Nduk," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mtoto wa kike, "kesho nenda kapime presha."

"Bapak, presha ni ya wazee wanaosubiri kwenda Makka. Mimi ni macho tu."

"Mama yako naye alisema ni usingizi tu."

"Kila nikikohoa unamfufua Mama," akasema, akaondoka na mchicha wake.

Wiki ile ile akaja Mursid, katibu wa kijiji, na begi lake la plastiki. Uchaguzi ulikuwa karibu. Uchaguzi mmoja wa nyuma maafisa wengi wa vituo vya kura walikufa kwa kuchoka, tulisikia redioni, wengine wakiwa bado na kalamu mkononi. Ndipo ikaja sheria kwamba kila anayekaa mezani lazima awe na cheti cha afya, apimwe na presha. Sheria nzuri. Huku kwetu sheria nzuri ikifika inavuliwa viatu mlangoni na kukaribishwa chai, kisha inaondoka ilivyokuja.

"Mbak Wur, dada, umepita kukaa mezani," Mursid akasema. "Kituo namba nne. Nipe kopi ya kitambulisho na picha mbili. Cheti cha afya tunapeleka kwa pamoja."

"Afya inapelekwaje kwa pamoja?" nikauliza.

"Kama mayai yako, Pak Kasdi. Si unapeleka trei nzima sokoni?"

"Mayai nayamulika kwa taa moja moja kabla sijayapanga."

"Basi wewe una muda," Mursid akasema, akacheka, na binti yangu akacheka naye.

Lazima niseme kwa nini alicheka. Ofisi ya kijiji ilikuwa na nafasi ya karani. Pak Harsoyo alikuwa amedondosha neno kwamba vijana watakaojituma kwenye uchaguzi atawakumbuka. Wuryani alikuwa amechoka na kope. Alitaka kiti, meza, feni, na watu wanaomwita kwa jina. Alishashona blauzi nyeupe. Kwa hiyo Pak Harsoyo alikuwa amemshika binti yangu bila hata kunyoosha mkono.

Vyeti vikarudi baada ya siku tatu. Nikakichukua cha kwake mezani nikakisoma polepole. Jina lake, umri wake, uzito ambao si wake, na chini: mia na ishirini kwa themanini. Afya njema. Amepimwa Jumatatu.

"Jumatatu ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Kiwandani."

"Hapa Jumatatu ulikuwa kliniki."

"Bapak, wote tuko hivyo. Sitini na tatu. Hakuna aliyekwenda."

"Wote mia na ishirini kwa themanini?"

"Ndiyo namba nzuri. Unataka waniandikie mbaya?"

"Nataka waandike ya kwako."

"Wewe hutaki nipone," akasema. "Wewe unataka Pak Harsoyo akosee. Miaka mitano unatafuta mahali pa kumshika, sasa umeona umshike kwa mkono wangu."

Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Lakini nusu ya pili ilikuwa shingo yake.

Siku ya kiapo ilikuwa Jumapili asubuhi, ukumbi wa kijiji. Jirani yangu, Bu Haji Rumiyah, ana mashine ya presha tangu alipokuwa anajiandaa kwenda kuhiji, na tangu arudi ameshampima kila aliyekosea kupita mbele ya kibaraza chake. Nilimweleza. Alikuwa ameshachukua mkoba kabla sijamaliza.

"Tunakwenda kugombana?" akauliza.

"Tunakwenda kupima."

"Sawa. Nimeweka betri mpya kwa yote mawili."

Tulifika kabla ya mkuu. Vijana walikuwa wamejaa, mashati meupe, sigara, kahawa kwenye vikombe vya plastiki. Bu Haji akavuta meza karibu na mlango, akaiweka mashine juu yake kama mtu anayefungua genge la chakula. Wuryani alituona kutoka mstari wa mbele. Akageuza uso.

"Bu Haji, unauza nini leo?" akauliza Gito, fundi pikipiki, miaka ishirini na sita, mabega kama mlango.

"Nauza ukweli. Bure. Ndiyo maana hauna wateja."

"Nipime basi, tuone kama nina mapenzi."

"Kaa. Miguu chini. Funga mdomo, ukiongea mashine inasikiliza umbea wako inapanda."

Wenzake wakasogea kumcheka. Mashine ikavimba, ikalia, ikashusha pumzi. Mia na sabini na mbili kwa mia na nane. Bu Haji akaitazama, akamtazama Gito. "Tulia," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya sokoni. Akasubiri, akarudia. Mia na sabini kwa mia na kumi.

"Mbovu hiyo," mtu akasema.

Bu Haji akajifunga mwenyewe. Mia na thelathini na nne kwa themanini, kwa mwanamke wa miaka sitini na minane. "Mbovu ni nani sasa?" akauliza.

Wakaanza kukaa mmoja mmoja, kwa mzaha kwanza, kisha bila mzaha. Kijana wa karanga za kukaanga, mia na hamsini na nane. Msichana wa duka la vocha, sawasawa, akapigiwa makofi. Mwalimu wa chekechea wa miaka thelathini, mia na sitini na sita, akasema usiku hakulala kwa sababu ya mtoto. Kumi na nne walipimwa. Watano walikuwa juu. Mkubwa kati ya hao watano alikuwa na miaka thelathini na moja. Mifukoni mwao wote mlikuwa na karatasi inayosema mia na ishirini kwa themanini.

Pak Harsoyo akaingia na batiki yake mpya, Bu Triningsih nyuma yake na faili.

"Lo, Pak Kasdi. Umefungua zahanati?"

"Nimefunga ya kwako."

Vijana wakatugeukia. Yeye akatabasamu. Yule mtu hakasiriki mbele za watu, hasira yake anaituma nyumbani kwako baadaye.

"Unajua presha inapandishwa na nini, Pak? Hasira na hofu. Umewatisha watoto wa watu, unashangaa damu kupanda. Hata mimi ukinikazia macho hivyo itapanda."

"Basi kaa tukupime."

Wachache wakacheka. Hakukaa. "Mimi karatasi yangu ninayo," akasema.

"Hilo nalijua. Na mke wangu alikuwa nayo." Nikaitoa kadi ya Sutilah nikaiweka mbele ya Bu Triningsih. "Huu mwandiko wa nani?"

Hakuitazama sana. Aliijua. "Pak Kasdi, niko peke yangu kwa vijiji vitatu," akasema chinichini. "Ripoti lazima ijae. Isipojaa naitwa wilayani."

"Ikajaa. Na kaburi likajaa."

"Nilimpa dawa niliyokuwa nayo."

"Ulimpa dawa ya kuongeza damu, Bu. Damu ilikuwa inampasua kichwa, ukamwongezea."

Akafunga faili. Macho yake yalilowa, na mimi sikumhurumia, wala leo simhurumii. Anayelia akiwa na mshahara na anayelia akiwa na jeneza si sawa. Ila najua wa kwanza aliyemfundisha kujaza ripoti hakuwa yeye, alikuwa juu yake, na mwenye batiki alikuwa anaipeleka ripoti ile mjini kupokea makofi.

Kisha nikafanya lile ambalo Wuryani hajanisamehe. Nikamwita mbele ya watu.

"Wuryani. Njoo ukae."

Hakuinuka.

"Nduk. Dakika moja."

"Sitaki," akasema. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kiti. "Umeshasema yako. Sasa unataka kunivua nguo mbele ya kijiji."

"Ni mkono tu."

"Ni mkono wangu."

Pak Harsoyo akaona mlango umefunguka, akapita. "Wote mmemsikia," akasema kwa upole. "Hatumlazimishi mtu. Ila kwa kuwa Pak Kasdi ametusaidia, na sisi tunajali afya, basi wale watano walioonekana kuwa na tatizo wapumzike. Tutatafuta wengine. Ambao hawajapimwa, vyeti vyao vinatosha. Tuendelee na kiapo."

Mlisikia hiyo? Aliyekubali kupimwa afukuzwe, aliyekataa aapishwe. Watu arobaini na tisa ambao hakuna aliyejua damu zao wakanyoosha mikono juu ya kitabu, na binti yangu mmoja wao. Gito alivua kitambulisho cha karatasi shingoni akanitupia.

"Pak, ulikuja kunipima au kuninyang'anya kazi?"

"Nenda hospitali, Gito. Leo."

"Nenda wewe," akasema. "Upimwe kichwa."

Asubuhi iliyofuata lango la banda la bata lilikuwa wazi na kamba imekatwa. Bata themanini nilishinda nikiwatafuta mashambani. Sikuuliza nani. Kijiji kizima kilikuwa na sababu. Mama wa mwalimu wa chekechea aliacha kununua mayai kwangu. Msikitini waliniachia nafasi pana pande zote mbili, kama mtu mwenye upele. Na nyumbani Wuryani alipika chakula chake peke yake, akaosha sahani yake peke yake, akapita mlangoni kama mpangaji. Nilimwekea mashine ya Bu Haji mezani siku tatu. Siku tatu aliisogeza pembeni kwa kiwiko ili aweke sahani.

Siku ya kura nilikuwa nimeshapiga kura yangu mapema, nikavuka kamba ya mpaka wa kituo, nikakaa kwenye benchi la muuza supu ya mipira ya nyama, ng'ambo ya kituo namba nne, na mashine ndani ya mfuko wa plastiki. Mlinzi wa kituo, Wagiyo, akaja na fimbo yake.

"Pak Kasdi, nimeambiwa usikae hapa."

"Nakunywa supu."

"Bakuli halina kitu."

"Nasubiri lingine."

"Mimi natumwa tu," akasema.

"Nchi nzima inatumwa tu," nikamwambia. "Aliyetuma hatumwoni." Akajikuna shingo, akaenda kusimama mbali kidogo, mgongo amenipa, ndiyo heshima pekee niliyoipata siku ile.

Jua likapanda. Turubai lao lilikuwa la plastiki, joto chini yake lilikuwa la tanuri. Wuryani alikaa meza ya pili, anatafuta majina kwenye orodha na kuandika. Hakunywa maji, kwa kuwa choo kilikuwa mbali na foleni haikukatika. Kila nikimtazama alijua, akainamisha kichwa zaidi. Karibu saa tano nikaona mkono unapanda kisogoni. Ukashuka. Ukapanda tena, haukushuka. Mbele yake alisimama bibi mmoja.

"Mbak, hilo si jina langu," yule bibi akasema.

Wuryani akafuta, akaandika tena.

"Hilo pia si langu. Umeniandikia la jirani."

Akaweka kalamu chini. Akaitazama orodha kama mtu anayeangalia maji yanayotembea. Mwenzake akamuuliza kitu, akatikisa kichwa. Kisha akainuka, akashika nguzo ya turubai, akashika kamba, akavuka barabara kwa hatua fupi mpaka kwenye benchi langu. Alikuwa mweupe kama yai lililochemshwa. Akakaa, akakunja mkono wa ile blauzi.

"Pima," akasema. "Halafu uniache."

Niliifunga mashine vibaya, akairekebisha yeye. Muuza supu akaacha kukoroga. Mia na tisini na sita kwa mia na ishirini na mbili.

"Rudia."

Nikasubiri kama Bu Haji alivyofanya. Nikarudia. Mia na tisini na nane kwa mia na ishirini.

Hakulia. Alizisoma namba kwa sauti ndogo, mara mbili, kama alivyokuwa akisoma majina ya watu. Nikageuka kumtafuta mtu mwenye gari, na waliokuja ni Pak Harsoyo na Bu Triningsih, ambaye alikuwa zamu ya afya ya vituo vyote.

"Kuna nini?" Pak Harsoyo akauliza, akauona mfuko wangu. "Tena hii?"

"Anapelekwa hospitali," nikasema.

"Joto tu hilo. Apumzike robo saa, anywe chai tamu, arudi. Meza ikikosa mtu, kituo kinasimama, na kikisimama mimi naulizwa. Bu Tri, mwangalie."

Bu Triningsih akaitazama mashine. Kama angesema namba ile ni ya kweli, zile karatasi sitini na tatu zingekuwa nini?

"Cheti chake ni mia na ishirini kwa themanini," akasema, macho chini. "Wiki mbili tu zimepita."

"Bu," Wuryani akasema, "angalia mkono wangu, usiangalie cheti. Siku hiyo nilikuwa kiwandani. Wewe unajua nilikuwa kiwandani."

Bu Triningsih alilikumbatia faili lake kifuani, na watu wa foleni walikuwa wameanza kutugeukia.

Wuryani akakivua kitambulisho shingoni, akakiweka kwenye benchi karibu na bakuli langu.

"Mbak Wur," Pak Harsoyo akasema, sasa kwa sauti ya chini ya mjomba. "Fikiri vizuri. Ile nafasi ya ofisini."

"Mpe mwenye karatasi," akasema.

Muuza supu ndiye aliyetupakia. Alimwaga supu mtaroni, mbele ya macho ya wateja, akafunga mkokoteni wake kwenye mti, akamweka Wuryani katikati yetu kwenye pikipiki yake. Njia nzima niliusikia moyo wake kupitia mgongo wake, au labda ulikuwa wangu. Nilifungua mdomo mara moja.

"Usilitaje jina la Mama," akasema bila kugeuka. "Ukilitaja nashuka."

Sikulitaja. Ni daktari aliyeuliza, kijana mwenye macho ya usingizi, kama kwetu kuna mtu aliyekufa ghafla. Nikakaza meno. Wuryani akajibu mwenyewe, "Mama. Miaka thelathini na sita. Tulimpa mbuzi." Daktari akaandika. Akauliza kama kuna kadi, nikampa, akaisoma miezi yote kumi na tisa, akanirudishia. Walimlaza siku nne. Wakampima figo na macho. Figo moja ilikuwa imeanza kuchoka, daktari akasema, si sana, lakini imeanza, kwa hiyo jambo hili si la wiki hii wala la mwaka huu. Alisema dawa ni ya kila siku, hata akijisikia mzima, hasa akijisikia mzima. Na chumvi basi.

Chumvi basi, nyumbani kwa mtia mayai chumvi.

Kijijini walimaliza kuhesabu kura bila yeye. Mpwa wa Pak Harsoyo alikaa kwenye kiti chake, na baada ya mwezi ndiye akawa karani wa ofisi, feni na vyote. Siku ya kukusanyika kushukuru, Pak Harsoyo alitangaza kuwa kijiji chetu kimepita uchaguzi bila afisa hata mmoja kuugua, kwa kuwa wote walipimwa vizuri mapema. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nilisimama nikasema, "Mwongo." Wakaendelea na dua. Mursid alinisukumia sahani ya wali ili ninyamaze kwa heshima. Bu Triningsih hakuwepo, nasikia ameomba uhamisho. Mwingine akija atapewa faili lile lile na kalamu.

Gito alikwenda hospitali, lakini alikwenda kimyakimya, mji mwingine, asionekane. Nimejua kwa Bu Haji, anayejua kila kitu. Tukikutana barabarani bado ananitemea mate pembeni.

Wuryani amerudi kwenye kope. Bado hali nami. Juzi nilimuuliza, nikiwa nimechoka kunyamaza, mpaka lini.

"Dawa nimeikubali," akasema. "Wewe bado."

"Ningefanya nini, Nduk?"

"Ungeniomba ndani ya nyumba mara ya kumi kabla ya kuniita mbele ya watu mara moja."

Nilimwomba mara mbili, labda tatu. Kumi sikufika. Hilo namwachia alishike. Lakini yale mengine, kadi, mbuzi, Jumatatu ambayo haikuwepo, hayo si yangu, nayo nitayasema kila mahali wanapogawa wali.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi namwekea glasi ya maji kwenye ukingo wa dirisha. Anakuja, ananipa mgongo, anakitupa kidonge mdomoni, anakunywa. Mimi nasimama pale pale na ndoo ya chakula cha bata. Nasubiri mpaka nione ameshameza, ndipo natoka.